Simu ya Jikoni

Ijumaa, saa sita mchana, kasema dalali,
ndio mwisho wa kusema ndiyo au hapana.
Leo Jumatano. Upepo wa jangwa la Arizona
unapiga turubai la gari letu makofi,
na Orrin anahesabu tena
mgongoni mwa risiti ya gesi:
kodi ya kiwanja, bima, mafuta ya kupasha joto
vyumba visivyo na mtu wa kuona baridi.

Huu mwaka wa tatu tunalala juu ya magurudumu.
Mtembezi hula miguuye;
sisi tumekula seti mbili za matairi,
betri moja, na subira kiasi.
Nimeona, siwezi kukana.
Nimeona korongo juu ya korongo,
ndege kwa maelfu wakivuka genge kwa kelele
huku mimi na nguo ya kulalia, kikombe mkononi,
nikilia bila sababu ya maana.
Nimemwona mume wangu, mwalimu wa fizikia miaka thelathini,
akijisifu kwa kumwaga tangi la choo
bila tone kudondoka.
Alikuwa hacheki hivyo kule.

Lakini jirani wa huku ni wa wiki mbili.
Unajua jina la mbwa wake, vidonge vyake vya presha,
talaka yake yote kuanzia harusini,
halafu asubuhi moja unakuta alama za matairi
na kigingi alichokisahau.
Ninavyo vigingi kumi na vinne.
Naviweka kwenye kopo la kahawa.

Na ile nyumba, Duluth,
imekaa upande kwenye mteremko:
ukiangusha chungwa sebuleni
utaliokota jikoni.
Ngazi ya tatu hulia ukiikanyaga katikati.
Kwenye fremu ya mlango wa stoo, kwa penseli:
Solveig miaka minne,
Solveig saba,
Solveig kumi na mbili, kanipita bega,
na chini kabisa, karibu na bawaba,
Anders, mwaka na nusu,
mstari mmoja.
Orrin hajauandika kwenye risiti.
Nami sijamuuliza angeuweka safu gani.

Jioni nikapanda kilima kutafuta mtandao,
miiba ya kakati ikishika soksi.
Juu kule nikalitafuta jina la dalali,
kidole kikapita,
kikapiga nyumbani.
Ile simu ya ukutani, ambayo hatujawahi kuikata.
Nilitaka tu kuisikia ikiita,
nijue mlio unakwenda wapi:
unapita meza, unapanda ngazi,
unageuka pale penye mlango wa stoo.

Ikapokelewa.
"Kwa akina Halvorsen," sauti ikasema,
na kikohozi nyuma yake.
Tauno Lahti, wa nyumba ya pili,
amekuja kukagua mabomba.
Theluji imefika dirishani, akasema.
Ziwa limeganda hadi pale macho yanapochoka.
Mabomba mazima. Kahawa yenu nimekunywa, msinidai.
Mnarudi lini?

Nikasema, hatujui bado.
Akasema, haya, basi nitaendelea kuja,
kana kwamba ndilo lililokuwa likiulizwa.

Nikashuka na giza.
Orrin alikuwa amekunja turubai,
supu ya dengu iko motoni,
risiti ameitumia kuwashia.
"Dalali kasemaje?"
"Sikumpigia."
Akakoroga muda mrefu, mwiko ukigonga sufuria,
nyota zikijaa juu ya paa letu la bati jembamba,
nyingi kupita mahitaji ya mtu yeyote.
Kisha, bila kuinua uso:
"Na Lahti, kikohozi chake kimepungua?"

Sikuwa nimemtaja Lahti.